Usimsifu Marehemu kwa Uongo, Wala Usimhukumu

Neno la wiki: 2 Samweli 1:17-27 na 2 Samweli 9:1-13

Fungua Biblia yako 2 Samweli mlango wa 1, halafu weka kidole kingine pale mlango wa 9, maana leo tutaenda na kurudi. Wale mnaosoma karatasi hii nyumbani kwa sababu ya zamu ya kazi ama ugonjwa, someni kwanza hiyo milango miwili kwenye Biblia yenyewe, ndipo mrudi hapa. Tutawangoja.

Daudi yuko Siklagi. Mtu anafika kutoka vitani, nguo zimeraruka, udongo kichwani. Anasema Sauli amekufa mlimani Gilboa, na Yonathani amekufa. Huyu mtu amebeba taji la mfalme na kikuku cha mkononi. Anafikiri ameleta habari njema, anangoja zawadi. Na ukiangalia kibinadamu, si ni habari njema kweli? Sauli alimrushia Daudi mkuki Daudi akimpigia kinubi. Alimwinda nyikani kama mnyama. Aliua makuhani 85 wa Nobu siku moja kwa sababu mmoja wao alimpa Daudi mkate. Daudi angeweza kusema, adui yangu ameanguka, tupige makofi, twende tukamiliki.

Hakufanya hivyo. Alirarua nguo zake, akalia, akafunga mpaka jioni, yeye na watu aliokuwa nao. Kisha akatunga wimbo wa maombolezo na akaamuru watu wa Yuda wafundishwe wimbo huo. Sikia hapo: wafundishwe. Daudi aliona kuomboleza ni kitu cha kujifunza, kama vile mtoto anavyofundishwa kusalimu wageni. Nami nikiangalia matanga yetu siku hizi, naona wengi wetu hilo darasa lilitupita.

Sasa chunguza kilicho ndani ya wimbo. Anasema wale wawili walikuwa wepesi kushinda tai na wenye nguvu kushinda simba. Ni kweli, walikuwa mashujaa. Anawaambia wanawake wa Israeli wamlilie Sauli, kwa sababu ndiye aliyewavalisha mavazi mekundu na mapambo ya dhahabu. Ni kweli, Sauli alishinda vita, nyara zikaja, akina mama wakavaa. Akifika kwa Yonathani sauti inabadilika kabisa. Anamwita ndugu yake, na anasema wazi jinsi alivyopendwa na huyo mtu. Ni kweli pia.

Halafu chunguza kile hakimo. Hakuna mahali Daudi amesema Sauli alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, aliyependa makuhani. Hangeweza, jamaa za watu wa Nobu wangesimama palepale. Na hakuna mahali amesema Sauli amekwenda wapi baada ya kufa. Hilo hakuligusa. Alisema ukweli alioujua, akalia, akaacha hapo.

Nitawaambia kwa nini Neno hili limenishika mwezi huu.

Nilikuwa na rafiki katika shule ya sekondari, shule ya bweni upande wa Nakuru, kutoka 1996 mpaka 1999. Jina lake silitaji kwa sababu mama yake yuko hai na karatasi hii hufika mbali. Jina la utani tulilomwita nalo haliwezi kuandikwa kwenye karatasi ya kanisa. (Wazee mliosoma bweni mnajua majina hayo, msijifanye.) Huyu kijana alikuwa mtundu, jameni. Alivuta sigara nyuma ya choo. Aliruka ua usiku akaenda sokoni na kurudi na mandazi, akatuuzia kwa faida. Alijua kuiga sauti ya mwalimu mkuu, na usiku mmoja gizani aliamuru maprefekti wote wazunguke uwanja mara tatu, nao wakazunguka. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa akimwambia kwenye paredi, mbele ya shule nzima, kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Lakini mtu huyohuyo alikuwa mwaminifu kwa namna ambayo sijaiona mara nyingi, hata ndani ya kanisa. Nitatoa visa viwili tu, vyote vya mwaka wa 1998, tukiwa kidato cha tatu.

Wengine wenu mnakumbuka mwaka huo bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu, kule Kwale, liliungua usiku na wasichana 26 wakafa. Milango ilikuwa imefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Habari hizo zilipotufikia, kila mtu aliangalia bweni letu. Lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umepigiliwa misumari tangu hatujafika pale, na mwingine ulifungwa kwa kufuli kwa nje kila usiku taa zikizimwa, ili watu kama rafiki yangu wasitoroke. Sisi wa CU tulifanya maombi juu ya jambo hilo, na sidharau maombi. Mungu hujibu. Safari hiyo alijibu kwa mkono wa mtu aliyekuwa ananuka sigara. Kufuli ilipotea. Ikanunuliwa nyingine, nayo ikapotea. Ya tatu pia. Zote ziliishia kwenye choo cha shimo.

Paredi ikaitwa. Naibu akasema kama mwizi wa kufuli hatajitokeza, bweni zima litaadhibiwa, wavulana karibu 60. Rafiki yangu hakungoja hesabu ya tatu. Alitoka mbele mikono ikiwa mfukoni. Wakati huo viboko vilikuwa bado vinaruhusiwa shuleni, serikali ilikuja kuvipiga marufuku mwaka wa 2001, kwa hivyo alichapwa, halafu akapewa kisiki cha mti ang'oe. Alikaa na hicho kisiki wiki mbili. Kufuli ya nne haikununuliwa.

Kisa cha pili ni cha muhula wa pili. Baba yangu alifariki. Kwetu ni Bungoma. Shule iliniruhusu mimi niende, na ikamtuma prefekti mmoja na mwalimu mmoja kuja mazishini. Rafiki yangu aliomba ruhusa akanyimwa, na ukiangalia rekodi yake huwezi kushangaa. Jioni ya kuamkia mazishi, vijana wa kwetu wakichimba kaburi, nikaona mtu anaingia bomani na sare ya shule yetu, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ameruka ua, akadandia lori mpaka Eldoret, akapata lingine mpaka Webuye, na kipande kilichobaki akatembea na kuuliza njia. Yeye ni wa Njoro, kabila lingine, na mwaka huo ulikuwa umeanza na ghasia za kikabila kwao. Hakuwa anajua neno moja la lugha yetu. Alinikumbatia, akauliza, "Jembe ziko wapi?" Akashuka kwenye lile shimo na binamu zangu na akachimba mpaka likaisha.

Nilimuuliza, "Umekuja aje?" Akasema, "Ningekaa darasani nikifanya nini, na wewe uko huku?"

Aliporudi alifukuzwa wiki mbili, na mama yake akalazimika kuacha kibanda chake cha mboga kumrudisha shule.

Wapendwa, ninyi mnakumbuka 2 Samweli 23. Daudi yuko pangoni Adulamu, anatamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Hakumwamuru mtu. Alitamani tu kwa sauti. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya kambi ya Wafilisti, wakateka maji, wakamletea. Ukiwauliza wataalamu wa vita, watakuambia huo ni upumbavu. Watu watatu wazima kuhatarisha maisha kwa kibuyu cha maji! Daudi hakuyanywa. Aliona maji yale yana bei ya damu, akayamimina mbele za Bwana kama sadaka. Na hao watu wa Adulamu walikuwa nani? Rudi 1 Samweli 22. Ni watu kama 400 waliomkimbilia: wenye shida, wenye madeni, waliochoka na maisha. Si watu ambao kamati yetu ya vijana ingewapitisha kuwa viongozi. Yonathani mwenyewe, ukisoma 1 Samweli 14, alitoka kambini bila kumwambia baba yake, akapanda jabali kwa mikono na miguu, yeye na mbeba silaha wake tu, wakaangusha Wafilisti kama 20. Shule yetu ingemfukuza wiki mbili.

Kijana unayesoma hapa, usije ukaenda nyumbani ukasema mchungaji amesema tuvute sigara na turuke ua. Dhambi ni dhambi, na hapo mbele utasikia ilimgharimu nini. Ninachowaambia wazazi na viongozi ni kwamba Mungu hutia vitu vya thamani ndani ya watoto wakaidi, na ukimtupa mtoto, unatupa pamoja na hicho alichotiwa. Yonathani alimjua Mungu wa Israeli, nayo ilikuwa ndiyo nguvu yake. Rafiki yangu, kwa jinsi tulivyomjua, alilijua jina la Yesu, aliliimba kwa sauti ya juu kuliko sisi wote siku za Jumapili, lakini maisha yake yalienda upande mwingine.

Baada ya shule alifanya vibarua vingi. Ushuru wa pikipiki ndogo ulipoondolewa mwaka wa 2008 na boda boda zikajaa kila mahali, naye akapata moja ya mkopo. Alikuwa dereva mzuri na mtu wa watu. Akina mama wajawazito wa kijiji kile walikuwa na namba yake, kwa sababu aliamka usiku saa yoyote na hakuitisha pesa mpaka mtu apone. Na alikunywa. Mwaka wa 2009, usiku, aliingia nyuma ya lori lililokuwa limeharibika barabarani bila taa. Alikuwa amelewa. Naliandika hilo kwa sababu kila mtu pale kijijini analijua, na mama yake ndiye aliyeniambia kwanza. Alikuwa na miaka 28.

Niliketi kwenye mazishi yake Njoro, na nikaona mambo mawili siku moja. Kwanza ulisomwa wasifu wa marehemu. Ulisema alikuwa kijana mtulivu, mtiifu kwa walimu wake, asiyependa makundi. Vijana wa boda boda waliokuwa wamesimama nyuma wakaanza kuangaliana. Mmoja akacheka, kisha wengine, na ndugu za marehemu wakainamisha vichwa kwa aibu. Wanaume hao walikuwa wamekuja kumlilia rafiki yao, lakini yule aliyesomwa pale hawakumjua. Walinyimwa mtu wao.

Kisha akasimama mhubiri, sitasema wa kanisa gani. Yeye akaenda upande wa pili. Alisema aliyelala pale yuko motoni wakati tunaongea, na kwamba vijana wa boda boda wako njiani kumfuata. Mama yake marehemu alikuwa ameketi mita tatu kutoka kwake, leso mdomoni. Hakuna kijana hata mmoja aliyeokoka siku ile. Waliwasha pikipiki zao wakaondoka kabla ya kaburi kufunikwa.

Huyo aliyeandika wasifu na huyo aliyehubiri wanaonekana kama watu tofauti, lakini mimi naona walifanya kitu kimoja. Wote wawili walikataa kumwangalia mtu aliyekuwa ndani ya lile jeneza. Mmoja alimvalisha nguo ya mtu mwingine, na wa pili akapanda kwenye kiti ambacho si chake. Abrahamu alipomwombea Sodoma alishikilia jambo moja, kwamba Mwamuzi wa dunia yote hutenda haki. Paulo anamwambia Timotheo kwamba Bwana anawajua walio wake. Na yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu alikuwa na dakika chache tu, akazitumia. Nani alikuwa nyuma ya lile lori usiku ule kusikia maneno ya mwisho ya rafiki yangu? Sisi hatubatizi maiti na hatuhukumu maiti. Hapo si idara yetu.

Je, mtu akiniuliza, pasta, sasa kuna haja gani ya kuhubiri toba? Ndiyo haja iko, kubwa sana, na iko kwa aliye hai. Mwambie dereva wa boda boda leo, akiwa na chai mkononi, amwache Kristo amtoe kwenye pombe. Mwambie akikutazama machoni na akiweza kukujibu. Ukingoja mpaka alale kwenye sanduku ndipo umhubirie, hapo umehubiria mama yake tu.

Kwa hivyo katika kanisa letu, kuanzia mwezi huu, anayeandika wasifu kwa mazishi tunayosimamia ataandika vitu vilivyotokea. Kama marehemu alikuwa na hasira, si lazima utaje, Daudi hakutaja mikuki. Lakini usiseme alikuwa mpole. Tafuta lile jambo la kweli alilotenda, kama yale mavazi mekundu ya Sauli, uliseme. Kila mtu ana moja. Na mhubiri atamhubiri Yesu kwa walio hai, dakika 20, aketi.

Lakini Daudi hakuishia kwenye wimbo. Nenda sasa pale uliweka kidole cha pili, mlango wa 9. Miaka imepita. Yonathani alipokufa alimwacha mtoto wa miaka mitano, Mefiboshethi, na yaya akikimbia naye siku ile ya habari mbaya, mtoto akaanguka akalemaa miguu yote miwili. Tukifika mlango wa 9 huyo mtoto ni mtu mzima, naye ana mtoto wake. Hesabu miaka hapo. Sisi hapa Kenya, kikundi cha WhatsApp cha mazishi kikifunguliwa, watu 200 wanaingizwa. Kesho yake baada ya kuzika, simu inajaa: fulani ametoka, fulani ametoka, fulani ametoka. Kufikia Jumatatu amebaki mweka hazina.

Daudi, baada ya miaka hiyo yote, anauliza kama kuna mtu yeyote amebaki katika nyumba ya Sauli ili amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Alikuwa ameahidi. Soma 1 Samweli 20, Yonathani alimwambia fadhili zake zisikome kwa nyumba yake, nao wakaapa. Sasa Yonathani hayupo kumkumbusha. Hakuna anayemdai. Siba anamwambia yuko kilema mmoja huko Lo-debari, nyumbani kwa Makiri mwana wa Amieli. Mefiboshethi akaletwa akitetemeka, maana mfalme mpya akiita watu wa nyumba ya mfalme wa zamani, kwa kawaida hakuwaitia chai. Daudi akamwambia asiogope. Akamrudishia mashamba yote ya babu yake, akamweka mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Deni la rafiki aliyekufa lililipwa kwa mtoto wake.

Mama wa rafiki yangu bado anauza sukuma wiki Njoro. Rafiki yangu alimwachia mjukuu, mvulana aliyekuwa anatambaa wakati ule wa mazishi, na mama wa mtoto akaenda zake kuanza maisha kwingine. Wanne wa lile bweni, mmoja ni fundi wa magari, mmoja mwalimu, mmoja yuko Qatar, na mimi, tumekuwa tukichanga karo. Sisemi ili mtupigie makofi. Lile shimo la Bungoma lilichimbwa bure.

Huyo kijana sasa yuko kidato cha tatu. Wiki iliyopita nyanya yake alinipigia simu saa tano usiku, analia. "Pasta," akasema, "damu ni damu. Huyu atamfuata babake." Kijana ametumwa nyumbani wiki mbili. Simu ilipatikana chini ya godoro lake bwenini, na walimu wenyewe wanakubali si yake. Wamemwambia amtaje mwenyewe arudi darasani siku hiyohiyo. Amekataa.

Nilimwambia yule mama anywe chai, alale. Nimeongea na kijana kwa simu. Nilimwambia kuficha simu ni makosa na adhabu ataifanya yote. Nilimwambia pia kitu kingine, ambacho hakuna mtu amewahi kumwambia, kuhusu kufuli tatu na lori la kwenda Eldoret. Alinyamaza sana, nikafikiri simu imekatika. Kisha akauliza, "Alichimba kaburi lote?"

Shule inataka mzazi afike naye Jumatatu saa mbili asubuhi. Nyanya yake ana mguu mbaya, hawezi matatu mbili. Nitaenda mimi. Maombi ya Jumatatu mchana yataongozwa na wazee wa kanisa, na wale mlikuwa mnataka kuniona ofisini siku hiyo, njooni Jumanne. Muombeeni huyo kijana. Naibu wa mwalimu mkuu pia muombeeni.